Sauti Yangu Kwenye Kishikwambi

Mimi hujivunia Kiswahili changu, na siombi msamaha kwa hilo. Nimekifundisha katika shule moja ya msingi karibu na Kaplong kwa miaka mingi kiasi kwamba baadhi ya wazazi wanaoniletea watoto leo niliwahi kuwapigisha magoti wao wenyewe kwa kusema "kitabu yangu". Mume wangu husema kwamba hata nikiota, naota kwa upatanisho wa kisarufi. Akiniambia "chai imepoa" huwa hajui kama nitamletea nyingine au nitamweleza kwa nini amesema sawa. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia hayanipendezi hata kidogo, maana ni habari ya jinsi Kiswahili changu hicho hicho nusura kimfukuze mtoto shuleni.

Aliletwa na mama yake mwanzoni mwa muhula wa pili, asubuhi ya mvua. Mama alikuwa amevaa gambuti na bado amejifunga ile plastiki kiunoni ambayo wachumaji chai hujikinga nayo umande, kwa sababu alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu kwa mkulima aliyekuwa akimchumia. Walikuwa wametoka Burundi, wakapitia Uganda, na kwa miezi kadhaa walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya maduka. Mama alikuwa ameokota Kiswahili kwenye mistari ya chai, cha kuombea chumvi na kuulizia kilo. Mtoto hakuwa nacho. Alikuwa msichana wa miaka kumi, mrefu, shingo imenyooka, na kila ulipomsemesha alikutazama mdomoni.

Mwalimu mkuu wetu si mtu mbaya, nalisema hilo mapema. Amewahi kuona mtoto asiyejua lugha akiwekwa darasa la umri wake, akakaa pale mwaka mzima kimya hadi kila mtu akamzoea kama dawati. Akaamua huyu aanzie Gredi ya Kwanza, akae na wa miaka sita ajifunze nao. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la busara. Mama alisikiliza, akashukuru, akainama kidogo kama wanavyofanya kwao, akatoka. Mimi nilikuwa nje nikikung'uta mwavuli. Akanishika mkono langoni.

"Mwalimu, kule nyumbani alikuwa namba ya kwanza," aliniambia. "Akikaa na watoto wadogo hivyo, watamucheka, ataacha. Kuliko hiyo, aende majani na mimi."

Majani ni chai. Nilijua maana yake, kwa sababu nimewaona. Mtoto akishaonja kupimiwa kilo zake mwenyewe, humrudishi darasani hata kwa kamba. Nikaingia ofisini na maji yakinidondoka, nikamwambia mwalimu mkuu anipe muhula mmoja na huyo mtoto. Aliuliza nina mpango gani. Sikuwa na mpango wowote, lakini mdomo wangu haujawahi kunisubiri, nikasema nitamfundisha kwa gemu za kwenye vishikwambi.

Vishikwambi vyetu wakati huo vilikuwa vimelala kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili. Vilitolewa kwa sherehe, tukapigwa navyo picha, kisha tukavifungia visiibiwe. Nilikuwa nimehudhuria semina moja Kericho ambako walitufundisha programu fulani ya kutengenezea michezo ya maneno: unapiga picha zako mwenyewe, unarekodi sauti yako mwenyewe, na mtoto anacheza bila intaneti. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye daftari na sijaligusa tena. Mwalimu mkuu akacheka, akakubali. Tulipatana hivi: wiki ya kufunga shule atampima yeye mwenyewe. Akipita picha zote bila alama nyekundu hata moja, na akijibu maswali yake kwa mdomo, muhula wa tatu ataingia Gredi ya Nne pamoja na wenzake. Asipoweza, Gredi ya Kwanza. Sisi wawili hatukulitaja neno majani, ila lilikuwa pale mezani.

Nikaanza kupiga picha kama mtalii. Nilipiga sufuria, ndoo, jembe, godoro letu, mlango, bata wa jirani, kuku wangu, ng'ombe. Kwa neno baba nilimsimamisha mume wangu kando ya ng'ombe akiwa amevaa koti lake la kanisani, akalalamika kwamba namharibia siku. Kwa neno dada nilimpiga picha binti yangu kitindamimba akiwa na sare. Kurekodi nilifanyia kwenye stoo ya shule, katikati ya magunia ya mahindi ya chakula cha mchana, asubuhi mapema, kwa maana huku kwetu ikishafika saa nane mvua ikianguka kwenye mabati huwezi kusikia hata kengele. Niliyatamka maneno yote kwa uangalifu wa mtu anayesoma taarifa ya habari. Kwenye neno ng'ombe, ng'ombe wa jirani aliitikia kwa sauti, nikaamua kumwacha humo humo.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Zinatokea picha nne, sauti yangu inasema neno, mtoto anagusa picha. Akipata, ngoma inalia na alama ya kijani inatokea. Akikosa, inatokea nyekundu, na sauti yangu inarudia lile neno. Inarudia kila anapokosa, mpaka apate.

Basi, msichana yule aliuchukua ule mchezo kama mtu aliyekuwa na kiu. Wakati wa masomo aliketi nyuma ya darasa langu, na saa ya chakula na baada ya saa kumi tulikaa stoo, mimi nikisahihisha madaftari, yeye akigusagusa kioo kwa kidole kimoja kirefu. Maneno mengi hayakuwa mageni kabisa kwake, kwa kuwa lugha yao na Kiswahili ni ndugu wa mbali. Macho, mbwa, mti, aliyasikia na kutabasamu kama mtu aliyekutana na jirani sokoni. Siku alipoona picha ya kuku alinong'ona, "Inkoko." Niliruka kitini. Kwa Kikipsigis tunamwita ingokiet. Nikamwita mwalimu wa Gredi ya Tano, ambaye ni Mgusii, nyumbani kwao ni upande wa Chepilat, nikamuuliza kuku kwao ni nani. Akasema engoko. Tukacheka sisi watatu, tukajiuliza huyu "kuku" alitoka wapi na nani alimleta. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko cha yule mtoto, na kilikuwa kinene kuliko nilivyodhani.

Ndani ya wiki chache alikuwa ameziweza picha zote, isipokuwa moja.

Ikija zamu ya neno dada, alikuwa akimgusa mume wangu. Nyekundu. Sauti inarudia, anamgusa tena mume wangu. Nyekundu. Mara tatu, mara nne, kisha polepole kidole kinahamia kwa binti yangu na ngoma inalia. Kesho yake anarudia vile vile. Mwanzoni nilidhani hajaelewa, nikamweleza kwa ishara, nikamwonyesha wasichana uwanjani: dada, dada, dada. Aliitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye kishikwambi, akamgusa mume wangu.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Mtoto asiyejua namvumilia mpaka jioni, lakini mtoto anayejua akakataa ananichoma. Nilimfokea. Nilimwambia kwamba neno moja, neno rahisi kuliko yote, ndilo litakalomtupa Gredi ya Kwanza, na kwamba mama yake anaamka gizani kwa ajili yake. Sidhani alielewa yote, ila sauti ya kufokewa haihitaji tafsiri. Aliteremsha macho na kuvuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

Kuna jingine, nalo ndilo hunirudia nikiwa nafua au nachambua mboga. Jioni, nilipokuwa nikikusanya vifaa ili nivifungie, alikuwa akinijia na kishikwambi mkononi na kusema, "Mwalimu, data." Mara ya kwanza nilimwambia kwa upole, "Hii haitumii data, mama. Inacheza hivi hivi tu." Mara ya pili nilimwambia shule haina pesa za bando. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka, na watoto wengine walikuwa wakisubiri kufunga madirisha, nikasema kwa sauti kwamba sitaki mtoto wa miaka kumi aanze tabia za wale wavulana wa sekondari wanaoshinda kituoni wakiombaomba data. Wenzake walicheka. Yeye alinitazama mdomoni, kama kawaida yake, kisha akakiweka kishikwambi juu ya gunia taratibu, akaenda.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya kufunga shule nilipomwomba yule mwalimu wa Gredi ya Tano akae naye mchana mmoja, kwa vile nilikuwa na kikao. Niliporudi nilimkuta peke yake stoo, mtoto amekwenda kunawa, naye ameweka kishikwambi sikioni kama redio.

"Mwalimu, hebu skiza hapa," aliniambia. "Hii si dada. Umesema data."

Nikamwambia masikio yake yana nta. Akabonyeza tena. Sauti yangu ikatoka, ya kujidai, safi, d ya kwanza nimeikaza kama msumari, na ya pili imeniponyoka kabisa. Data. Akabonyeza kwingine. Bata alikuwa pata. Godoro lilikuwa kotoro. Nilisikiliza moja baada ya jingine na uso ukanipata moto. Sisi Wakipsigis tunazaliwa na ndimi zisizozitofautisha herufi hizi, na mimi maisha yangu yote nilikuwa nimejiambia kwamba wangu nimeshaunyoosha. Niliwahi kuwacheka wengine kwa hilo. Sasa nikakumbuka kwamba mtoto alikuwa amekwisha kuwaambia wanadarasa habari za "kotoro" na hakuna hata mmoja aliyeshtuka, kwa sababu wote ni wa kwetu.

Nilinuna, sitaficha. Nilishika madaftari nikasahihisha kwa nguvu, nikimpa kisogo mwenzangu, ambaye kosa lake lilikuwa kusikia. Yeye hakujali. Alikaa akifikiri, kisha akasema kwamba kwa Kigusii baba ni tata, na kwamba mtoto anapomgusa mwanamume kila akisikia neno hili, pengine si ukaidi. Pengine kuna anachosikia.

Jumamosi tulikwenda wote wawili kumwona mama yake shambani. Alikuwa katikati ya mistari, kikapu mgongoni, mikono ikienda yenyewe: majani mawili na kichipukizi, nyuma, majani mawili na kichipukizi, nyuma. Tulisalimiana, akataka kusimama, tukamwambia aendelee asipoteze kilo. Mwenzangu ndiye aliyeuliza kwao data ni nini.

Mikono ya mama ilisimama.

"Data ni baba," alisema. "Ni baba yake yeye."

Alitusimulia kwa Kiswahili chake cha kuunganisha. Walipokuwa Uganda nauli iliwaishia. Mume akabaki kwenye mji fulani mdogo atafute kibarua, akampa yeye simu na kumwambia atangulie na kina mama wengine waliokuwa wakija huku, atawafuata kwa namba hiyo. Simu ikaibwa kabla hawajavuka mpaka. Namba pekee ya kumpata mume ilikuwa ndani ya simu hiyo. Alikuwa amerudi mpakani mara moja kuulizia, na hakuna aliyejua chochote. Hajui kama yuko hai. Mtoto huwa haulizi, alisema, na yeye huwa hasemi, maana wakianza hawatalala. Kisha akarudi kuchuma, haraka kuliko mwanzo, na sisi tukasimama pale na viatu vyetu vya mjini katikati ya chai.

Niliumia. Muhula mzima sauti yangu ilikuwa imemwitia mtoto baba yake, kisha ikamwonyesha picha ya binti yangu na kumwambia amekosea. Nilitaka kulirekebisha siku hiyo hiyo. Tulipita shuleni, tukafungua stoo, mwenzangu akanifundisha kushika koo langu kwa vidole: ukisema d koo litetemeke, ukisema t litulie. Nikiwa na umri wangu huu, na cheti changu, nikakaa juu ya gunia la mahindi nikijishika koo kama mtu aliyekwamwa na mfupa, nikisema dada, dada, dada, mpaka ikatoka. Nilifuta sauti zote mbovu, nikarekodi upya bata, godoro na yale mengine. Nilifunga mlango nikiwa nimechoka na nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jumatatu mtoto akaja kucheza. Alipita kuku, mlango, ndoo, mbiombio. Ikaja zamu ya neno lile.

"Dada," ilisema sauti yangu, bila doa.

Kidole kilisimama hewani. Akamgusa mume wangu. Nyekundu. "Dada." Akamgusa tena. "Dada." Akagusa mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayebisha mlango ambao alikuwa akifunguliwa kila siku. Kisha akakilaza kishikwambi uso chini, akavuta mikono ya sweta. Hakucheza tena siku hiyo. Jumanne alikuja stoo, akakaa, na hakukigusa.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Nilishikwa na hofu, na safari hii sikuwa na hasira ya kuifichia. Niliketi chini kando yake bila kujali sketi yangu ya kazi wala vumbi la mahindi, nikamuuliza kama neno jipya ni gumu. Alitikisa kichwa. Nikamuuliza kama hakujua kwamba ile picha ni dada. Alichukua muda mrefu kuyapanga maneno. Nilimwona akiyapanga.

"Nilikuwa najua ni dada," alisema. "Nikikosa, inasema tena."

"Inasema nini?"

"Data." Alikitazama kishikwambi. "Sasa haisemi."

Nililia. Nimewahi kulia mbele ya wanafunzi mara moja tu, siku ya msiba wa mama yangu, na hii ndiyo ya pili. Alikuwa amelijua neno hilo tangu wiki za mwanzo. Alikuwa akikosea kwa makusudi, akizikubali zile nyekundu na kufoka kwangu na hatari ya kutupwa Gredi ya Kwanza, kwa sababu huo ndio uliokuwa mdomo pekee Kaplong nzima uliomtamkia baba yake. Na zile jioni alizoniomba data, alikuwa akiniomba nilibonyeze tu kabla sijafunga kabati. Mimi nikamwambia habari za bando.

Nikamwambia nitalirudisha. Nikafungua programu, nikashika kinasa sauti, na hapo ndipo ulimi wangu ulipoamua kunikomoa: haukulisema. Baada ya ile Jumamosi ya kujishika koo, kila nilipojaribu kukosea ilitoka dada, safi, ya vitabuni. Mtoto akaanza kunisahihisha. "Hapana, mwalimu. Refu." Akaivuta ile a ya kwanza, akanionyesha kwa mkono jinsi inavyopanda. Nilirudia. "Hapana." Nilirudia tena. Alinitazama mdomoni kama nilivyozoea kutazamwa, lakini sasa yeye ndiye mwalimu, na hakuwa mwepesi wa kuridhika. Mwishowe aliitikia kwa kichwa, nikarekodi.

Programu ilidai picha. Nikamwonyesha ya mume wangu. Akasema kwa adabu kwamba huyo si yeye. Akapekua picha zote mpaka akafika kwenye ile ya mlango, akaichagua. Tukaiweka kwenye ukurasa wa peke yake, nje ya mchezo, mahali ambapo hakuna kukosa wala kupata, ukigusa, inasema. Aligusa mara nne, akisikiliza hadi mwisho kila mara. Baadaye akarudi kwenye mchezo, akazipita picha zote, na kwenye dada akamgusa binti yangu bila kusita.

Alhamisi mama yake alikuja akiwa ameziosha gambuti zake mpaka zinang'aa. Alikataa kuingia ofisini, akasimama nje barazani karibu na dirisha. Mimi nilikaa pembeni, mikono nimeibana magotini, roho juu. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaweka fomu ya usajili mbele yake na kumpa mtoto kishikwambi. Ngoma ikalia, ikalia, ikalia. Hakukutokea nyekundu hata moja. Ng'ombe wa jirani alipoitikia kutoka ndani ya mashine, mwalimu mkuu aligeuka kutazama dirishani, nikajua angalau amefurahi.

Yakabaki maswali. Alimuuliza anaishi wapi, akajibu. Alimuuliza jana walikula nini, akajibu ugali na mboga, na l na r zikapishana kidogo mdomoni, maana na wao kwao wana zao. Mwalimu mkuu aliandika. Kisha akafikia swali analomuuliza kila mtoto mgeni, kwa wema tu, kwa kuwa ndivyo anavyozijua nyumba za watoto wake na kwa kuwa lina mstari wake kwenye fomu. Nilikuwa nimesahau kabisa kumwonya.

"Na paba yako," aliuliza, "anafanya kasi kani?"

Nilifungua mdomo nimkatize. Nilidhani pia kwamba mtoto hataelewa, kwa matamshi yale, maana mwalimu mkuu naye ni wa kwetu. Alielewa mara moja. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwangu, na paba, kasi na kani zilikuwa lugha yake ya kwanza ya huku. Hakutazama mdomo wa mwalimu mkuu. Alimtazama machoni.

"Anatutafuta," alisema.

Neno hilo sikuwahi kulirekodi. Halikuwemo kwenye mchezo wala kwenye daftari langu. Nimefundisha viambishi vya nafsi kwa chaki miaka yote hii, nikiwapigia watoto mistari chini ya kila silabi, na sikuwahi kusikia vimepangwa sawa namna ile. Nje ya dirisha mama alikuwa amegeukia uwanja, ametupa mgongo, nami sikuweza kujua kama alisikia.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Sikumwona akitafuta neno la kufariji, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo. Aliivuta fomu karibu. Kwenye mstari wa kazi ya baba aliandika Anatutafuta, kwa mwandiko wake mkubwa wa herufi zilizotengana, na kwenye mstari wa chini yake akaandika Gredi ya Nne.